Alivyousoma moyo wa mama mkwe huku akitazama mibuni

Saa moja asubuhi, Filemon amelala chali kwenye machela, shati wazi, kofia ya ulinzi imemfunika uso. Usiku kucha alikuwa akilinda lango la kituo cha afya. Sasa, badala ya kwenda kwake kulala, yumo ndani ya gari la wagonjwa, amebandikwa nyaya kifua kizima kama redio iliyofunguliwa kwa fundi.

"Ukiniua, mama watoto atakufuata hapa hapa," anasema kutoka chini ya kofia.

"Ukifa mashine itaniambia. Nyamaza, unatikisa karatasi," anajibu Eliakim Nkya.

Mashine inalia kidogo, kisha inatoa karatasi yenye rangi ya waridi na viboksi vidogo, na juu yake mstari unaopanda na kushuka, unapanda na kushuka. Eliakim anaikata, anaiinua kwenye mwanga wa mlango na kuitazama kwa muda mrefu, ingawa mwenye moyo huo haumwi chochote. Ndiyo maana hasa anapimwa.

"Lazima nianze siku na karatasi nzuri," anasema. "Nisipoiona nzuri asubuhi, mbaya nitaijuaje mchana?"

Eliakim, mwenye umri wa miaka 41, ni muuguzi wa gari la wagonjwa katika kituo cha afya cha kanisa huko Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Mwenyewe ni mzaliwa wa Machame na Mlutheri wa kuimba kwaya. Alikuja Kibosho kuoa, akabaki kufanya kazi kwa Wakatoliki, na mpaka leo wenzake wanamtania kwamba alilipiwa mahari yeye.

Gari lao ni moja na vijiji vinavyolitegemea ni tisa. Barabara za huko ni zile ambazo masika ikikolea dereva hushuka kwanza, hutazama tope, hushika kiuno, kisha hurudi kwenye usukani. Siku nyingine vibandiko vya mashine huisha na Eliakim hulazimika kuomba hospitali za mjini. Mshahara wake anausema kwa sentensi moja: unatosha unga, na ada ya muhula mmoja, ule mwingine unamtegemea ng'ombe wa mke wake.

Lakini hayo siyo yaliyonileta Kibosho. Nilikuja kwa sababu ya swali ambalo wahudumu wa dharura wanabishana juu yake kila wanapokutana: je, mtu wa kwenye gari la wagonjwa anapaswa kuielewa karatasi ya moyo kwa kiasi gani?

Wako wanaosema abandike nyaya, apige picha kwa simu, amtumie daktari, basi. Kusoma ni kazi ya waliosomea. Wako wanaosema awe na uwezo wa kuisoma yote, mstari kwa mstari. Eliakim alikuwa kundi la kwanza kwa muda mrefu, tena bila aibu. Kilichomtoa huko ni watu wawili: mwongoza watalii mmoja na mama mkwe wake.

Tuanze na mwongoza watalii.

Ronald ni kijana wa mlimani, mwenye mapaja magumu na maneno mengi. Siku moja alipata maumivu ya kifua baada ya kushuka na wageni, akaletwa kituoni. Eliakim akampima. Karatasi ikatoka na mistari imenyanyuka mahali ambapo kwa mtu wa kawaida hainyanyuki, na moyo unapiga taratibu mno. Mashine yenyewe ikaandika juu kabisa maneno ya kutisha.

"Nikaiamini mashine," anasema Eliakim. "Tukawasha king'ora kutoka hapa mpaka Moshi. Mke wake alikuwa mbele analia, amekwisha kuwa mjane."

Mjini walimpima Ronald upya, wakampima damu, wakamwuliza anafanya kazi gani. Aliposema anapanda mlima mara mbili tatu kwa mwezi na mizigo ya watu, daktari akatabasamu. Moyo wa mtu wa kazi kama hiyo huwa mkubwa, mvivu wa kupiga, na huandika vilima virefu ambavyo asiyevijua atavikimbilia. Maumivu yalikuwa ya msuli uliovutika kwa sababu ya begi la mgeni.

Ronald hajamwachia. Wakikutana sokoni humsalimia kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye vibanda vya nyanya: "Habari za asubuhi, daktari wa mazishi yangu."

Eliakim hucheka, lakini ukimtazama vizuri utaona hilo lilimuuma. Anasema alijiuliza swali ambalo lilimkosesha raha. Kama amemwona mzima akamwita mgonjwa, ni wagonjwa wangapi amewaona akawaita wazima?

Alianza kujifunza. Alimpata Dk. Hilda Materu, daktari wa zamu katika hospitali moja mjini Moshi, aliyekubali kumfundisha siku za mapumziko yake. Daktari huyo ana mkono wa chuma. Alimkataza kusoma maandishi ya mashine kabla hajasema mwenyewe anachokiona.

"Sikumtaka awe mimi," anasema Dk. Hilda. "Nilimtaka ajue kutofautisha karatasi mbaya na karatasi iliyochukuliwa vibaya. Ukichanganya hizo mbili, hata mimi huku mjini utanipoteza, maana mimi nitasoma ulichonitumia wewe."

Eliakim ana namna yake ya kulieleza somo hilo, na nadhani amekwisha kuwaeleza wengi, kwa jinsi linavyomtoka bila kukwama.

"Moyo ni kama nyumba," anasema. "Kila waya unaichungulia nyumba kutoka upande wake. Ukisimama mlangoni unaona sebule, sebule nzuri, makochi yamepangwa. Kumbe jiko lililo nyuma linaungua, na wewe upo mlangoni unabisha hodi. Lazima ujue ni waya upi unatazama jikoni."

Wakati huo dereva mpya alikuwa amefika kituoni. Anaitwa Goodness Tarimo, ana miaka 29, ametoka Rombo, na aliendesha lori la ndizi kabla ya kukabidhiwa gari la wagonjwa. Wazee wa kamati walipoona jina kwenye barua ya ajira hawakuwaza mengi. Walipomwona mwenyewe akishuka kwenye bodaboda na begi lake, mmoja akamwuliza binti huyo dereva yuko wapi.

Goodness hakuajiriwa kubandika nyaya. Lakini gari likiwa limeegeshwa na hakuna safari, dereva hana cha kufanya ila kupangusa vioo, na vioo navyo vina kiasi. Akaanza kukaa mlangoni wakati Filemon anapimwa. Akaanza kumshikia Eliakim nyaya. Kisha akaanza kuuliza.

"Kaka Eli alikuwa anaongea peke yake na karatasi," anasema Goodness. "Nikaona afadhali aongee na mimi, watu wasije wakasema amechanganyikiwa."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ile Jumamosi ya masika mwaka jana, simu ilipoingia kituoni. Mama mmoja anaumwa tumbo, anatapika, anatoka jasho jingi, hawezi kusimama. Mpigaji alitaja kitongoji na mti mkubwa wa njiapanda, akakata.

Eliakim anasema alijua waliposhuka kona ya pili. Lango lile amelipita akiwa na suti ya kukodi na vijana wa ukoo wao wamebeba pombe ya mbege. Ilikuwa nyumbani kwa baba wa mke wake.

Hapa inabidi msomaji wa mbali aelewe jambo moja. Katika ukoo huo, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Kwa miaka kumi na minne tangu amwoe Yuditha, Eliakim hajawahi kuingia jikoni kwa mama mkwe wake. Mama hali chakula mbele yake. Akimsikia anabisha hodi hujifunga kitambaa kichwani kwanza, ndipo humkaribisha. Wanapendana sana, na mapenzi yao yote yanapita katika mlango huo mwembamba.

Mama huyo, Mektrida Mallya, mwenye umri wa miaka 63, alikuwa amekaa kwenye kigoda ukutani mwa jiko, kitenge kimemlowa jasho. Mkono mmoja alikuwa ameushikilia kwenye chembe cha moyo. Mumewe, mzee Wenseslaus, alimweleza Eliakim kwamba ni kiungulia, kimemshika tangu alfajiri. Mama amekwisha kunywa maji ya magadi.

"Shikamoo mama," Eliakim alisema.

"Marahaba, baba Eunike," mama alijibu, na hapo hapo akavuta kitenge mpaka shingoni.

Eliakim alimpima presha, maana kumshika mkono si neno. Ilikuwa chini, tisini tu ya juu. Mama mwenye sukari ya siku nyingi, jasho la baridi, kutapika, maumivu ya chembe. Anasema mwili wake ulimwambia kabla ya mashine. Wakamwingiza kwenye gari, wakamlaza. Lakini alipoitoa mashine na zile nyaya, mama Mektrida aliuliza zinawekwa wapi, na alipojibiwa, akasema hapana.

Haikuwa hapana ya ukali. Alisema kwa sauti ndogo, uso ameugeuzia ubavuni mwa gari, kwamba hawezi kufungua kifua mbele ya mkwe wake, hata kama ni kufa.

Eliakim alishuka kwenye gari. Akaziba mlango wa nyuma kwa shuka, akasimama nje, mgongo kwa gari, uso kwa mibuni ya mkwewe. Kisha akamwita Goodness aingie.

"Watu wameniuliza kwa nini sikumlazimisha," anasema. "Kwanza ni mama yangu. Pili, mtu ukimlazimisha anajikaza, anatetemeka. Mashine inaandika misuli, haiandiki moyo. Ningepata karatasi ya aibu yake, ya moyo nisingeipata."

Mama alikubali mikono na miguu. Goodness akabandika nyaya nne, na karatasi ya kwanza ikapita pembeni ya shuka. Eliakim akaitazama: mstari wa kwanza ulikuwa umepinduka, kichwa chini miguu juu. Zamani, anasema, angeshika simu na kutangaza ugonjwa asioujua jina. Safari hii alijiuliza kwanza kama karatasi ni mbaya au imechukuliwa vibaya.

"Goodness," aliita bila kugeuka, "mkono wa kushoto ni wa mama, siyo wa kwako."

Goodness alikuwa amekaa anatazamana na mgonjwa, na kushoto kwake ndiko kulia kwa mama. Kosa la dereva, anasema mwenyewe, aliyezoea kwamba kushoto ni kushoto kwa usukani. Akabadilisha.

Karatasi ya pili ilitoka ikiwa sawa, na ndiyo iliyokuwa mbaya. Mistari mitatu inayouchungulia moyo kutoka chini yote ilikuwa imenyanyuka, na ule unaotazama kutoka upande wa pili umezama. Jiko lilikuwa linaungua. Kile kiungulia kilikuwa shambulio la moyo.

Eliakim akapiga picha kumtumia Dk. Hilda. Picha ikazunguka kwenye simu, ikazunguka, haikwenda. Migombani kule mtandao wa kuongea upo, wa picha ni bahati. Akapiga simu ya kawaida, akamsomea daktari karatasi kwa maneno: waya gani umepanda, kiasi gani, waya gani umeshuka.

"Sikuwa na picha," anasema Dk. Hilda. "Nilikuwa na masikio tu. Kama yule angekuwa mtu wa kupiga picha na kutuma, mimi na yeye tungekuwa tunaangalia simu mpaka mama akate roho."

Daktari aliamini alichosikia. Akaagiza mama atafune aspirini mara moja. Lakini alitaka jambo moja zaidi, na ndilo lililokuwa gumu: nyaya za kifuani, na mmoja wao uhamishiwe upande wa kulia wa kifua. Moyo ukiumia chini, mara nyingine upande wake wa kulia nao huumia, na hapo kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi, ambacho huwasaidia wengi, humshusha mgonjwa presha isipande tena.

Na kidonge hicho kilikuwa pale pale, mkononi mwa mzee Wenseslaus.

Alikuwa amekitoa kwa jirani anayeumwa moyo. Huku kwetu vidonge husafiri nyumba kwa nyumba kama moto wa kuazima. Mzee alikuwa amesimama pembeni ya Eliakim, kiganja wazi, machozi yanamlengalenga.

"Mpe mama hiki," alisema. "Jirani alikuwa hivi hivi, akapewa, akaamka."

"Subiri kidogo, baba," alijibu Eliakim.

"Nisubiri nini, anakufa."

Eliakim anasema hakuwahi kumnyima mzee huyo kitu tangu siku ya posa. Alichukua kidonge kutoka kiganjani kwake, kwa mikono miwili, akakitia mfukoni. Kisha Goodness akatoa kichwa pembeni ya shuka na kumnong'oneza kwamba mama amekataa kifua tena, hata kwake yeye mwanamke. Ameona simu. Anasema wanataka kumpiga picha za kifua, zipelekwe mjini zikatazamwe na watu.

Hakukuwa na muda wa kueleza mashine ni nini. Eliakim alitazama mbele yake, na mbele yake, mpakani mwa kihamba, shamba la nyumbani, ulikuwa umesimama mstari wa mimea ya masale.

Mchagga yeyote anajua jani hilo. Ukimkosea mtu, ukamletea isale, ameshikwa. Hawezi kukukatalia msamaha, hata kama ulimchomea nyumba. Mimi nimekulia mjini, na bado babu yangu alinifundisha kwamba isale halirudishwi. Kwa kawaida hupelekwa baada ya kosa, na wazee, na mazungumzo marefu. Eliakim alilivunja jani moja, akalifunga fundo, akampa Goodness.

"Mwambie mama, mkwe wako anaomba msamaha kwa kosa ambalo hajalifanya bado," alisema. "Mwambie simu nampa baba aishike yeye. Na mimi sitageuka."

Mzee Wenseslaus akakabidhiwa simu, imewekwa sauti ya nje, daktari yuko hewani. Goodness akaingia na jani.

"Alilishika akalitazama," anasimulia Goodness. "Akanitazama mimi. Halafu akasema kitu kwa Kikibosho sikukielewa, mimi ni wa Rombo. Nikaona anafungua vifungo mwenyewe."

Kilichofuata ndicho kilichowafanya watu wa kitongoji hicho wawe na hadithi ya kusimulia kwenye mbege mpaka leo. Mkwe amesimama nje, anatazama mibuni, anapaza sauti: tafuta mfupa wa kati wa kifua, shuka na kidole, hesabu nafasi za mbavu, ya nne hapo, bandika. Dereva ndani anajibu: nimepata, nimebandika, inayofuata. Mzee ameshika simu kwa mikono miwili kama ekaristi. Jirani mmoja aliyekuja na uji alisimama nao, ukamwagikia.

"Sasa uchukue huo wa nne wa kushoto, uupeleke kulia, mahali pale pale, kama kwenye kioo," alisema Eliakim.

"Kulia kwa mama," alijibu Goodness.

"Kulia kwa mama."

Karatasi ya mwisho ikapita pembeni ya shuka. Mstari wa kulia ulikuwa umenyanyuka. Eliakim akamsomea daktari, na daktari akasema yale aliyokuwa anayaogopa na kuyatarajia: kidonge hapana, kabisa. Dripu, taratibu, na mje moja kwa moja kwangu, msisimame popote, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda nitaiandaa.

Eliakim anapofika hapa huweka mkono kwenye mfuko wa koti lake la kazi, bila kujijua. Kidonge kile alisafiri nacho mpaka Moshi.

Mama alifunikwa mpaka kidevuni, ndipo mkwe akaruhusiwa kuingia. Goodness akapanda kwenye usukani. Tope lilikuwa tope, lakini safari hii hakushuka kulitazama. Katikati ya njia moyo wa mama ukaanza kupunguza mwendo, jambo ambalo daktari alikuwa ametahadharisha, na Eliakim akamchoma sindano aliyoelekezwa. Ukarudi. Anasema alikuwa akitazama skrini na kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini, wa Kilutheri. Mama, macho amefumba, jani mkononi, akamwambia aimbe wa Bikira Maria.

"Wimbo huo siujui," anasema Eliakim, akicheka huku macho yakilowa. "Nikaubuni."

Mama Mektrida alikaa hospitalini siku kadhaa, akarudi nyumbani anatembea. Hapana mtu anayeweza kusema kwa hakika kidonge kile kingefanya nini, na Dk. Hilda anakataa kusema hivyo.

"Mimi siwapi watu hadithi za angekufa, asingekufa," anasema. "Ninachokijua ni kwamba presha ilikuwa chini, upande wa kulia umeumia, na mtu aliyekuwa pale alijua maana ya mambo hayo mawili yakikutana. Haikumpasa ajue kila kitu. Ilimpasa ajue hilo, na ajue kwamba karatasi ya kwanza ilikuwa ya uongo."

Kisha anaongeza, na nadhani ndipo penye jibu la swali lililonileta: "Watu wanadhani kuielewa karatasi kunaanza inapotoka. Kunaanza kwenye kubandika, na kabla ya kubandika, kwenye kumfanya mgonjwa akubali. Huko juu kabisa mimi sikuwepo. Siwezi kufanya hivyo kwa simu."

Eliakim mwenyewe hapendi kuitwa shujaa. Anasema kama Goodness asingekuwepo, angekuwa na elimu yote kichwani na mgonjwa asiyeguswa. Jambo hilo ndilo linalomsumbua mpaka sasa. Magari mengi ya wagonjwa anayoyajua yana muuguzi mmoja na dereva asiyefundishwa chochote ila barabara. Na siku zote mlimani kutakuwa na mama fulani, mkwe fulani, na kifua ambacho mtu fulani haruhusiwi kukiona.

Kwa hiyo ameomba kituo chake kianze na kidogo: kila dereva ajue kubandika nyaya, na ajue karatasi iliyochukuliwa vibaya inafananaje. Kusoma zaidi ya hapo kutakuja. Kamati imekubali kujaribu. Mzee yule aliyeuliza dereva yuko wapi ndiye aliyetoa hoja.

Goodness, kwa upande wake, amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na anaondoka baada ya Krismasi. Eliakim analifurahia hilo na kulihuzunikia kwa pumzi moja. "Nimemfundisha, sasa ananikimbia," anasema. "Lakini akirudi, nitakaa mbele mimi, niendeshe."

"Usiguse hilo gari, kaka Eli," anasema Goodness. "Gia zenyewe huzijui."

Siku niliyokuwa nao, kituo kiliwatuma kwa mama Mektrida kumpima, kama wanavyofanya mara kwa mara tangu atoke hospitali. Mama anatutangulia kwa salamu, kitambaa kichwani, anamwuliza mkwe wake habari za Eunike na shule. Kisha anaingia chumbani na Goodness, na mlango unafungwa.

Eliakim anasimama nje, mgongo kwa mlango, uso kwa mibuni, mikono mfukoni. Nasubiri nimsikie akipaza sauti kuhesabu mbavu. Leo Goodness anazihesabu mwenyewe. Ndani kunasikika vicheko viwili vya kike, kisha mlio mfupi wa mashine.

Karatasi inapita chini ya mlango. Anaiokota, anaiinua kwenye mwanga unaopenya migombani, anaitazama taratibu, upande wa jikoni kwanza. Kuna kovu, anasema, na litabaki. Lakini nyumba imesimama.

Kabla ya kuondoka namwuliza mama Mektrida kama ile aibu imekwisha, kwa kuwa sasa wamepitia mengi na mkwe wake. Ananitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. Nyuma yake, kupitia mlango wa chumba ulioachwa wazi, juu ya kitanda, jani kavu la isale limening'inizwa pamoja na rozari.

"Moyo wangu ameuona wote, mpaka huko nyuma," anasema. "Kifua hajakiona, na hatakiona. Wiki ijayo huyu binti anakuja kwenye jumuiya yetu kuwafundisha akina mama habari za nyaya hizi. Nimewaambia waje wamevaa nguo zenye vifungo mbele."